Kinga ya Mwaka Mzima

4 Februari

Mwanangu kitindamimba,

Barua yako imefika kwa mkono wa mama yako mdogo. Alikuwa bado na sare zake za zahanati, na kama kawaida yake hakuketi. Aliniachia bahasha mezani akasema, "Dada, jibu upesi, kesho naipeleka posta." Siku hizi ana haraka kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Nikimuuliza uko mji gani, ananiambia hata yeye anajitahidi kusahau. Haya. Mmeamua kuwa na siri zenu, mimi nani hata nijue.

Nimefurahi umepata kazi ileile ya kusaga lenzi. Hiyo treni inayopita nyuma ya karakana mpaka lenzi zinacheza mezani, mwambie tajiri wako aweke kipande cha mpira chini ya mashine. Na huo mkate wa moto wa tanuri la mlango wa pili usiwe ndio chakula chako cha mchana kila siku, nakujua.

Usinicheke kwa kukupigia chapa barua kama naandikia wizara. Tangu ule ugonjwa wa kiharusi, mkono wa kulia haushiki kalamu. Kwenye kibodi, wa kushoto unatosha. Miaka thelathini na moja ya kupiga chapa mahakamani haikwenda bure.

Sasa nina jambo. Kompyuta inanitisha. Kila nikiiwasha, dirisha jekundu linaruka katikati ya skrini: kinga yako ya virusi inakwisha baada ya siku ishirini na moja, uko hatarini. Hatarini! Nimeshazoea ile tiki ya kijani pale pembeni. Nikiiona nafanya kazi kwa amani. Ndiyo ile kinga ya kulipia mumeo aliyoninunulia mwaka jana, akakaa hapa mchana mzima akiiweka. Na humu nina vitu vya watu, maombi ya kazi ya jirani zangu, hati za urithi, picha za marehemu baba yako. Bibi wa ghorofa ya juu picha zake zote zilifungwa na virusi, akaambiwa alipe ndipo afunguliwe. Je, nilipe tena, au ni kutupa pesa? Umeishi na mtu wa kompyuta, lazima umeokota mawili matatu.

Najua mmekosana. Siulizi. Ila ukiamua kurudiana naye, hapa hakuna atakayekucheka.

Mama yako


13 Februari

Mama yangu mpenzi, shikamoo.

Hilo dirisha jekundu ni muuza duka anayepiga kelele mlangoni kwake ili uingie. Usiliogope. Kompyuta yako ilikuja na kinga yake yenyewe, haina malipo, na kwa mtu anayeandika barua na kutazama picha nyumbani inatosha kabisa. Ya kulipia si mbaya, ina madoido mengi, lakini wewe huyahitaji. Ukubali masasisho yanapokuja, usifungue viambatisho vya watu usiowajua, na picha za baba uzinakili kwenye flashi uiweke kabatini. Flashi hiyo ingemwokoa yule bibi wa juu kuliko kinga yoyote ya pesa.

Ila nakuomba kitu kimoja, Mama, na usiniulize sababu. Mume wangu asikulipie. Usimwite aje kuitazama. Akipiga simu mwambie umeshapata fundi mwingine.

Na hili hapa nimelibeba peke yangu kwa majuma. Nina mimba. Inaingia mwezi wa nne. Yeye hajui, na sitaki ajue. Mama mdogo pia sijamwambia, wewe ndiye wa kwanza. Nimemwomba tajiri kiti kirefu chenye egemeo kwa sababu mgongo unaniuma nikisimama kwenye mashine. Kliniki nakwenda kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi.

Usimwambie mtu, Mama. Nikisema mtu, ni mtu yeyote.

Mwanao


20 Februari

Mwanangu,

Nimeisoma mara tatu, kisha nikacheka peke yangu jikoni kama mwehu. Mjukuu! Nilidhani nitakufa na wajukuu wa wenzangu mapajani.

Kiti chenye egemeo umefanya vizuri kuomba. Na hiyo Alhamisi ya mwisho usiikose hata siku moja. Mimba yako wewe ilinipa taabu ya presha, na mambo hayo hurithiwa. Siku ya kliniki usirudi kazini, nenda kalale. Fundi anayesaga lenzi vizuri kama wewe, tena kwa mkono wa kushoto, hawezi kufukuzwa kazi kwa nusu siku.

Kwa mtu sijasema wala sitasema.

Kuhusu kinga, usijali, nimepata njia. Ile tiki imerudi kuwa ya kijani na moyo wangu umetulia. Najua ulisema ya bure inatosha, lakini mtu wa umri wangu akiambiwa kila asubuhi kwamba yuko hatarini, mwishowe anaamini. Bora nilale usingizi.

Mama yako


26 Februari

Mama, shikamoo.

Natumai umeamka salama. Nakutumia risiti ya kinga tuliyoifanya upya nilipokuja wiki iliyopita. Nimelipa mwaka mzima, usinirudishie hata senti. Wewe ni mama yangu. Pale ofisini kwetu, kampuni ya bima, kompyuta zote mia na kitu nazitunza mimi, sembuse ya mama mkwe mmoja.

Mambo matatu tu. Neno la siri la kinga ninalo mimi, usihangaike nalo. Usiruhusu fundi wa mtaani aiguse mashine, hao ndio wanaoleta virusi. Na usiizime kabisa kwenye swichi ya ukutani, iache ipumue.

Mke wangu najua mnaandikiana. Sikulaumu, mama ni mama. Sina kinyongo naye. Mwambie tu ajitunze, asinyanyue vitu vizito, na asisimame muda mrefu. Nyumba yake ipo, nimeitengeneza vizuri kuliko alivyoiacha.

Mkweo


3 Machi

Mwanangu,

Nakiri kosa moja. Mumeo ndiye aliyelipia kinga. Alipiga hodi mwenyewe, na mgeni akishafika mlangoni na keki mkononi, unamwambia nini? Alikaa saa mbili kwenye kompyuta, akaniuliza afya, akaosha hata kikombe chake. Baadaye ameniletea barua. Nimekutolea nakala yake, nimeiweka humu ndani, uisome mwenyewe uone kama ni mtu wa kukimbiwa.

Mimi nimekaa na ndoa za watu kwenye mafaili miaka mingi. Mwanaume anayemwambia mama mkwe "mwambie asinyanyue vitu vizito" ana moyo.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Nani alimwambia?

Nimeisoma hiyo nakala nikiwa kwenye kile kiti, nikazima mashine ya kusagia nisije nikajikata. Asinyanyue vitu vizito. Asisimame muda mrefu. Mtu haambiwi hivyo kwa kugombana na mumewe. Huambiwa hivyo akiwa mjamzito. Nilikwambia wewe peke yako. Peke yako, Mama! Mlipokuwa mnakula hiyo keki ulimwambia? Ulidhani ukimwambia ataniita nyumbani nami nitarudi?

Sasa nakuambia nilichokuficha, kwa sababu kukuficha hakukunisaidia. Hatukukosana. Ile nyusi niliyokuambia niligonga kabati, alinipasua kwa kitasa cha mlango. Mama mdogo ndiye aliyeishona, nyuzi saba, zahanati ikiwa imeshafungwa. Mume wangu alikuwa akitoka kwenda kazini ananifungia kwa nje. Mara ya kwanza nilipotoroka alinikuta kwenye kituo cha basi baada ya dakika arobaini, kwa sababu simu yangu ilikuwa inamwambia nilipo. Ndiyo maana sina simu. Ndiyo maana naandika barua kama watu wa zamani. Mahakama ilitoa amri tangu Januari: asinikaribie, asinitafute, asitume mtu kwangu. Nakala anayo mama mdogo.

Niliona aibu. Wewe ulimpenda. Ulikuwa unamsifu kwa majirani.

Kama umemwambia, niambie tu ukweli nijue anajua mangapi.

Mwanao


16 Machi

Mwanangu,

Sikumwambia. Nakuapia kwa kaburi la baba yako, keki tuliikula tukizungumzia bei ya umeme na magoti yangu. Jina lako lilitajwa mara mbili, na mara zote mbili alilitaja yeye.

Amri ya mahakama. Mimi niliyezipiga chapa amri hizo miaka thelathini na moja sikuambiwa kwamba ipo moja yenye jina la mwanangu. Wanawake wenye nyusi zilizoshonwa walipita mbele ya meza yangu kila Jumatatu, na nilikuwa najivunia kwamba mimi nawatambua tangu mlangoni, kabla hawajafungua mdomo. Ningekujua, nilijiambia. Wangu ningemjua. Sikukujua. Tangu juzi sili vizuri.

Lakini kama si mimi, basi ni nani? Barua zako zinapita mkono mmoja tu. Sitaki kumfikiria vibaya mdogo wangu wa tumbo moja, ila ana haraka, haketi, haniangalii usoni. Yeye alijua yote akanificha. Anayeweza kuficha anaweza pia kusema. Nimemwambia jana asikanyage hapa mpaka tujue. Alilia. Barua hii nimeituma mwenyewe, kwa bahasha yenye anwani yako aliyoniachia.

Mama yako


21 Machi

Mama,

Naandika haraka. Usipige chapa tena. Usinijibu kwa mashine. Andika kwa mkono hata kama herufi zitaanguka.

Jana mwanaume amepiga simu karakana. Akajitambulisha kwamba anauza viti vya ofisini. Akamwambia tajiri, "Nimesikia mna fundi mjamzito, anatumia mkono wa kushoto, aliyeomba kiti chenye egemeo. Yuko zamu Alhamisi, au anakwenda kliniki?" Tajiri ni mtu mzima, kauona uongo, akajibu hapa hakuna fundi wa kike. Alipoweka simu chini akaja kunisimulia yote.

Nimekaa chini nikafikiri. Kiti, nilikuandikia wewe. Mama mdogo hakujua habari ya kiti, wala mimba. Bahasha zangu nafunga kwa gundi na utepe, na ulizikuta hazijaguswa, sivyo? Na zangu ni za mkono. Lakini wewe ukinijibu, unayarudia yote niliyokuambia: treni, mkate, kiti, mkono wa kushoto, Alhamisi. Unayarudia kwenye mashine aliyokaa nayo mchana mzima mwaka jana, na saa mbili tena mwezi uliopita.

Mama, hakuna mtu aliyesema. Wewe unaandika, yeye anasoma.

Amepiga simu karakana zote za miwani zilizo karibu na reli, nina hakika. Nimeondoka chumba nilichopanga. Tajiri amenihamishia kwa dada yake, naingia kazini kwa mlango wa uani. Kila nikisikia breki za gari najificha nyuma ya mashine.

Mwombe radhi mama mdogo.

Mwanao


29 Machi

Mwanangu,

Hii ni ya mkono wangu. Utaisoma kwa taabu. Nimeanza jana, naandika mistari mitano napumzika.

Nilimfuata mama yako mdogo zahanati, mbele ya wagonjwa wote, nikamwambia nisamehe. Akasema, "Dada, kaa kwanza, umepauka." Nikakaa kwenye benchi pamoja na wenye homa. Yeye akaniletea fundi wa kompyuta anayetengeneza mashine za zahanati, mzee mmoja mwenye suruali iliyofungwa kwa kamba.

Alipofika kwangu hakusema neno. Alikwenda moja kwa moja kwenye waya wa intaneti akauchomoa, akabandika karatasi nyeusi juu ya kijitundu cha kamera. Ndipo akasema, "Sasa tunaweza kuongea, bibi."

Ilimchukua nusu saa. Akaniita. Kulikuwa na programu yenye jina la kipuuzi, kama vile ni ya printa. Kila herufi ninayobonyeza inaiandika na kuipeleka nje. Kila dakika chache inapiga picha ya skrini. Kamera pia inaifungua inapotaka, na sauti inanasa.

Nikamuuliza, "Na kinga ya mwaka mzima? Si imelipiwa? Si ina tiki ya kijani?"

Akasema, "Kinga ni nzuri tu, bibi. Iliiona hii takataka siku ya kwanza. Kuna orodha ndani yake ya vitu inavyoamriwa kuvipuuza. Aliyeiweka aliitia hii kwenye orodha, akafunga kwa neno la siri lake. Kinga imeambiwa inyamaze, nayo ikanyamaza."

"Ningetumia ile ya bure je?"

"Hata hiyo angeinyamazisha. Virusi vya mtandaoni vinatafuta mlango. Huyu ulimfungulia na chai ukamkaribisha."

Mwanangu, nilihesabu miezi. Mwaka mzima. Nilikuwa nakaa mbele ya mashine ile nikiwa na nguo ya kulalia. Nilimlilia baba yako pale. Nilikuwa naongea peke yangu pale, unanijua. Na mjukuu wangu nilimtangaza pale kwa mkono wangu mwenyewe, herufi kwa herufi.

Nilitaka mashine ivunjwe na nyundo. Fundi akakataa. "Ukiizima atajua umejua. Ataacha kusoma ataanza kutembea." Maneno hayo hayanitoki.

Basi sikia. Nimekwenda mahakamani kwangu, kwa karani wa masjala niliyekaa naye meza moja. Akanipeleka kwa askari mwanamke wa dawati linaloshughulikia mambo haya. Fundi ameandika maelezo yake na kunakili kila kitu. Askari anasema kusoma barua zangu ni kosa, lakini tukimkuta anakufuata wewe amevunja amri, anakamatwa palepale. Anachotaka ni mahali na saa.

Mahali na saa nitampa mimi. Nitakuandikia barua kwa mashine, na barua hiyo haitakuja kwako. Usitoke huko uliko. Ukisikia lolote limeandikwa kwamba unakuja, usije.

Fundi amerudisha waya akaitoa ile karatasi. Nimesema kwa sauti, ili asikie, "Ahsante fundi wa umeme, kumbe fyuzi tu."

Mama yako


2 Aprili

Mwanangu kitindamimba,

Samahani kwa ukimya, umeme ulikuwa unasumbua nikaita fundi. Sasa kila kitu kiko sawa.

Nimefikiri sana uliyoyasema na bado naona mnamwonea mumeo, lakini hayo tutayaongea ana kwa ana, kwa kuwa nimefurahi mno uliponiandikia kwamba unakuja. Hiyo presha si ya kuchezea. Mama yako mdogo tumepatana, na amekubali akupime mwenyewe. Njoo Alhamisi saa nne asubuhi zahanati kwake, uingilie geti la nyuma la kwenye matangi ya maji, atakuwa zamu peke yake. Hakuna atakayekuona. Mimi sitakuja ili nisivute macho, utanikuta nyumbani.

Vaa viatu vya chini.

Mama yako


10 Aprili

Mwanangu,

Tena mkono wangu. Barua ya mashine nimeiweka humu uione. Kuipiga ilinichukua dakika kumi, na zilikuwa ndefu kuliko miaka yangu yote ya kazi. Kijitundu kile kilikuwa kinanitazama. Nilijua pengine yuko upande wa pili, ameegemea kiti chake kule ofisi ya bima, ananiangalia uso. Nikawa najiuliza, uso wangu wa kila siku huwaje? Huwa nakunja kipaji? Nilipofika penye "viatu vya chini" nilijifanya nakohoa ili nigeuze uso.

Alhamisi nilitakiwa nibaki nyumbani. Sikuweza. Nilikwenda nikakaa chumba cha chanjo, nyuma ya pazia, na mama yako mdogo akanishika mkono huu mbovu mpaka ukafa ganzi. Askari wawili walikuwa kwenye benchi wamevaa kiraia, mmoja kafungwa bandeji kichwani. Yule wa dawati alijitia mfagiaji.

Saa nne kasoro dakika ishirini aliingia. Kwa geti la nyuma, la kwenye matangi. Amenyoa, ana shati jeupe, ameshika mfuko wa zawadi. Akamwuliza mfagiaji kwa upole kabisa, "Dada, mke wangu amefika? Mjamzito, ana kovu kwenye nyusi."

Ana kovu kwenye nyusi. Alisema hivyo kama mtu anayetaja rangi ya gauni.

Hakupigana. Aliwaambia askari kuna makosa, mama mkwe wake anamjua, waniite. Ndipo mimi nikatoka nyuma ya pazia. Sikuwa nimepanga kutoka, miguu ilitoka yenyewe. Akaniona akatabasamu. "Mama, waambie."

Nikasema, "Namjua. Ndiye huyo."

Kwenye mfuko wa zawadi kulikuwa na nguo za mtoto, nyeupe, mpya. Chini yake barua zangu zote, amezichapisha, zimepigwa mstari kwa kalamu nyekundu: treni, mkate, kiti, Alhamisi. Pembeni kaandika majina ya miji mitano, minne ameifuta. Sitakuandikia ule uliobaki. Utaujua kwa kunyamaza kwangu.

Kwenye gari lake, kiti cha nyuma, walikuta komeo la chuma na makufuli mawili, bado yako kwenye pakiti zake.

Hakimu amemnyima dhamana. Mpiga chapa aliyeandika amri hiyo nilimfundisha kazi mimi.

Mama yako


28 Agosti

Mama, shikamoo.

Mtoto wa kike. Juzi, saa saba mchana, kilo tatu na ushee. Ana vidole virefu kama vyako. Tajiri alifunga karakana, akakaa nje ya wodi na mkewe kama ndio wazazi wangu, wakanunua mikate ya kuwatosha wauguzi wote.

Mama mdogo ameniandikia hukumu, miezi kumi na minane. Nilipoisoma nilianza kuhesabu kwa vidole umri wa mtoto siku atakapotoka. Atakuwa anatembea. Atakuwa ameanza kusema maneno. Sijui kama mtu huacha kuhesabu.

Bado naingia kwa mlango wa uani. Tajiri ananiambia, "Yuko ndani, pita mbele kama watu." Najua yuko ndani. Miguu haijui.

Nilikulaumu kwa barua zako na nimekuwa nataka kukuambia hivi tangu Aprili: ulikuwa unayarudia maneno yangu kwa sababu ulikuwa unanisikiliza. Hilo si kosa.

Umenunua kompyuta nyingine? Mama mdogo anasema meza iko tupu.

Mwanao


6 Septemba

Mwanangu, mama wa mjukuu wangu,

Mkono umezoea kidogo, unaona mwenyewe. Fundi anasema herufi zangu sasa zinasomeka kuliko za daktari.

Mashine ya zamani iko polisi, na wabaki nayo. Fundi ameniletea nyingine, iliyotumika, ameisafisha mbele yangu. Nikamuuliza lile swali langu la Februari, ninunue kinga au nisinunue. Akanijibu kama wewe: iliyokuja nayo inatosha kwa kazi zangu, niruhusu masasisho, picha nizinakili. Kisha akageuka akatazama ukuta, akaniambia nichague neno la siri nisimtajie hata yeye. Nimelichagua. Sikuliandika popote. Mama yako mdogo ameniuliza kwa utani, nimemkatalia bila utani.

Haiko mezani. Iko kabatini, imefungwa kwenye taulo. Naitoa jirani akileta kazi, natazama kamera kama imefunikwa, nafanya, nairudisha. Watanicheka, wacheke. Ile tiki ya kijani ipo pembeni, siitazami.

Nimejaribu kuwaza uso wa mtoto nikashindwa. Mama yako mdogo ameomba likizo, na mkoba wangu umeshafungwa. Sijamwambia jirani, sijamwambia fundi, na tiketi nitaikata kituoni siku yenyewe.

Nakuja. Siku sikuandikii. Ukisikia hodi, usifungue mpaka umeuliza ni nani, na hata ukisikia ni sauti yangu, uliza tena.

Mama yako